Mbuzi ya Nazi Ndani ya Mchezo wa Kompyuta
Njia za mwanagenzi za kupata na kutengeneza vitu vya mchezo wake



Mtoto anayecheza michezo ya kompyuta hufikia siku ambayo kucheza peke yake hakumtoshi. Huanza kuuliza: mchezo huu umetengenezwaje, na mimi je, siwezi kutengeneza wangu? Swali hilo ni jema, na mzazi asilizime. Programu za kutengenezea michezo siku hizi zinapatikana bila ya malipo, na mojawapo inayowafaa wanagenzi ni Godot, iliyoanzishwa na vijana wawili wa Argentina na kutolewa bure kwa watu wote mwaka 2014. Lakini mtoto akishaifungua hukuta uwanja mtupu. Hamna nyumba, hamna mti, hamna hata jiwe. Kila kitakachoonekana katika mchezo lazima ama kichukuliwe mahali, ama kinunuliwe, ama kitengenezwe kwa mkono. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, na hapo ndipo makala haya yanapoanzia.

Liko na jambo la pili, ambalo kwetu sisi tuliopo Maskati lina uzito wake. Mtoto wa Kiswahili aliyezaliwa hapa ataingia katika maghala ya vitu vya bure yaliyomo kwenye intaneti, naye atakuta ngome za Kizungu, mapipa, mapanga na vyombo vya kwendea angani, vyote vimepangwa safu kwa safu vikingoja kuchukuliwa. Atafute sasa mbuzi ya kukunia nazi. Atafute kinu na mchi wake, kata ya kifuu, pakacha, au kifumbu cha kukamulia tui. Atatafuta sana. Mwaka 2005 mchezo uitwao Civilization IV ulifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, ambao maneno yake ni sala ya Wakristo, na Februari 2011 mtunzi wake, Christopher Tin, alipata kwa wimbo huo tuzo ya Grammy, ya kwanza kupewa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Basi lugha yetu imekwisha kufika huko. Vyombo vya jikoni mwetu ndivyo vilivyochelewa, na aliye bora wa kuvipeleka ni yule ambaye nyumbani kwao vimo, au alau yumo mtu anayevikumbuka.

Kitu cha mchezo ni nini hasa?

Tusianze kazi bila ya kujua tunachokitengeneza. Kitu kinachoonekana katika mchezo kimeungwa kwa pembetatu nyingi zilizoshikana kingo kwa kingo, kama vile mtu angelifunika sanduku kwa vipande vya karatasi. Sanduku la kawaida lina nyuso sita, na kila uso hugawika pembetatu mbili, kwa hiyo sanduku zima ni pembetatu 12. Mpira huhitaji mamia. Kadiri pembetatu zinavyozidi, ndivyo kompyuta inavyochoka, kwani huzichora upya mara 30 au 60 katika kila sekunde. Hii ndiyo sababu fundi stadi husifiwa kwa pembetatu alizoziacha kuliko alizoziweka.

Juu ya umbo hilo hufunikwa picha, nayo ndiyo inayolifanya lionekane mbao, shaba au udongo. Namna picha ya bapa inavyovikwa umbo lenye mikunjo huwasumbua wanagenzi wote, lakini ndugu msomaji aliyepata kumwona mshona kofia hatasumbuka. Kofia hukatwa vipande viwili: ukuta wake, ambao ni kitambaa kirefu, na kifuniko chake cha juu, ambacho ni duara. Nakshi hutiwa wakati vipande vimelala bapa, kisha ndipo vinaposhonwa vikawa kofia. Katika kompyuta kazi huenda kinyumenyume: umbo hutengenezwa kwanza, fundi akatia alama za mshono mahali pa kukatia, programu ikaufungua ukuta na kifuniko vikalala bapa, naye akavichora. Mshono huwekwa mahali pasipoonekana, kama mshona kofia anavyoficha uzi wake. Mama au bibi anayedarizi kofia anaweza kumweleza mtoto jambo hili kwa dakika tano, na akafahamu kuliko kwa kutazama mafunzo ya saa nzima.

Kuchukua vilivyotengenezwa

Njia iliyo nyepesi ni kuchukua vilivyo tayari, na si aibu kuifuata. Yako maghala yanayojulikana na kuaminika. Kenney wa Uholanzi ametoa maelfu ya vitu vyepesi, nyumba, magari, miti na samani, na akaachilia haki zake zote. Quaternius amefanya vivyo hivyo. Poly Haven hutoa picha za mawe, mbao na kuta zilizopigwa kwa ufundi mkubwa, nazo pia hazina sharti. OpenGameArt, lililoanza mwaka 2009, ni soko la mchanganyiko: kila kitu kina mwenyewe na kila mwenyewe ana masharti yake. Sketchfab ni kubwa kuliko yote hayo, lakini lina vya bure na vya kutazamwa tu.

Hapa nawaomba wazazi wasimame kidogo, kwa sababu neno "bure" limewapotosha wengi. Kitu kuweza kupakuliwa bila ya malipo si dalili kwamba hakina mwenyewe. Ziko ruhusa za aina mbalimbali, na zinazotumika zaidi ni zile za Creative Commons. Kitu kilichoandikwa CC0 mwenyewe amekiacha moja kwa moja, kitumie utakavyo. Kilichoandikwa CC BY kitumie, lakini umtaje aliyekitengeneza. Pakiongezwa herufi NC, haijuzu kukitumia katika biashara, na mchezo unaouzwa ni biashara, hata ukiuzwa kwa baisa mia. Pakiongezwa ND, usikigeuze ukatoa kilichogeuzwa. Mtoto awe na daftari la kawaida la skuli, na kila anapopakua kitu aandike jina lake, jina la aliyekitengeneza, mahali kilipotoka, ruhusa yake na tarehe. Daftari hilo litamfaa siku atakapotaka kuutoa mchezo wake hadharani, kwani baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka pipa lile lilitoka wapi.

Wako wanaosema kwamba haki juu ya kitu kisichoshikika ni mambo ya Kizungu tu. Suala hili lilikwisha kutazamwa na wanavyuoni. Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, ilitoa azimio nambari 43 kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi ni haki zenye thamani ya mali, zinalindwa na sharia, na haifai kuzivuka. Serikali ya Omani nayo ina sheria ya hakimiliki iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme nambari 65 ya mwaka 2008. Kwa hiyo kuchomoa vitu kutoka katika mchezo wa kampuni na kuvitia katika mchezo wako, jambo ambalo vijana wengi huliona ni ujanja, halina pa kujificha. Vivyo hivyo programu zilizovunjwa kufuli. Na kwa nini mtu aivunje kufuli, ilhali mlango wa pili u wazi?

Mlango huo wa pili ni programu ya Blender, na historia yake inafaa kusimuliwa watoto. Ilitengenezwa Uholanzi na Ton Roosendaal pamoja na wenziwe, na kampuni iliyokuwa ikiimiliki ikafilisika mwaka 2002. Wenye mali walikubali kuiachilia iwapo watapewa euro 100,000. Watumiaji wakachangishana, na fedha zikatimia katika majuma saba. Oktoba ya mwaka huo huo ikafunguliwa kwa watu wote, kwa sharti kwamba anayeirekebisha na kuigawa awape wengine haki ile ile aliyopewa yeye. Kila nikikumbuka kisa hiki huona mfano wa wakfu: watu wamenunua kisima kwa michango, kisha wakakiacha wazi kwa anayepita.

Kununua, na masanduku yaliyofungwa

Njia ya kununua nitaipita haraka, isipokuwa kwa jambo moja. Kumnunulia mtoto kifurushi cha vitu vya kujengea mchezo wake, kwa bei iliyotajwa na kwa kitu kinachoonekana, ni biashara kama nyingine. Lakini ndani ya michezo mingi wanayoicheza watoto kuna ununuzi wa namna tafauti. Mchezaji hulipa fedha na kupewa sanduku lililofungwa, naye hajui ndani mna upanga wa thamani au takataka. Akikosa hulipa tena. Mwezi wa Aprili 2018 tume inayosimamia kamari nchini Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya namna hiyo katika baadhi ya michezo ni kamari kwa mujibu wa sheria zao. Ikiwa nchi isiyokuwa ya Kiislamu imeona hivyo, mzazi wa Kiislamu hana haja ya kungoja aambiwe. Atazame hesabu za kadi yake ya benki, na azungumze na mtoto kwa utulivu, kwani mara nyingi mtoto hakujua alichokuwa akikifanya. Aghalabu anayejua kutengeneza upanga wake mwenyewe hapumbazwi kwa wepesi na upanga wa dukani.

Kutengeneza kwa mkono

Kwa wadogo wa miaka minane au tisa, Blender ni mlima. Waanze na michezo ya matofali. Kila mtu anaijua Minecraft. Iko pia Luanti, iliyokuwa ikiitwa Minetest mpaka Oktoba 2024, ambayo ni ya bure kabisa. Katika michezo hii tofali moja huvishwa picha ya vidoto 16 kwa 16, yaani vidoto 256 tu. Mpe mtoto karatasi ya hesabu yenye miraba, achore humo msuko wa ukili wa mkeka au pindo la kanga, kisha avihamishie vidoto hivyo katika programu ya kuchorea kama GIMP au Krita. Jioni moja yatosha, na kesho yake ana nyumba iliyotandikwa majamvi. Asidhani mtu kuwa ni mchezo wa kitoto. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao yake makuu Nairobi, lilianza mwaka 2012 mradi uitwao Block by Block pamoja na wenye Minecraft, na miongoni mwa mahali pa mwanzo palikuwa ni kiwanja cha Silanga katika mtaa wa Kibera. Wakaazi ambao si wahandisi walijenga ndani ya mchezo kiwanja walichokitaka, ili wataalamu wakione kabla ya kujengwa kwa mawe.

Kwa wenye miaka 12 na zaidi, sasa tuje kwenye mbuzi yetu.

Kabla ya kuifungua kompyuta, atafutwe mbuzi yenyewe na utepe wa kupimia. Ikiwa nyumbani haimo, kwa sababu siku hizi tui linatoka katika kopo, basi imo kwa jirani au kwa shangazi. Mtoto apime urefu na upana wa kibao cha kukalia, unene wa mbao, urefu wa miguu, na urefu wa ulimi wa chuma mpaka kwenye meno. Aandike kila kipimo. Wanagenzi wengi hukisia, na kitu cha kukisia hujulikana tu: kikiwekwa karibu na kingine, kimoja huwa cha jitu na kingine cha mwanasesere.

Blender ikifunguliwa huonyesha sanduku moja katikati ya kioo. Sanduku hilo lina ubavu wa mita mbili. Ukilifanya kibao cha mbuzi bila ya kulipunguza umetengeneza kitanda. Bonyeza kitufe cha N, vipimo vitatokea pembeni, uandike vile ulivyovipima. Hicho ni kibao. Ongeza masanduku mengine manne membamba kwa ajili ya miguu inayopandana kama mkasi. Ongeza la sita liwe ulimi: ingia ndani ya umbo kwa kitufe cha Tab, uchague uso wa mbele, ubonyeze E kuuvuta, S kuupanua au kuubana, na ncha yake uifanye duara la bapa. Tuhesabu. Masanduku sita ni pembetatu 72. Kule kuuvuta ulimi na kuuviringisha kutaongeza chache. Meno kumi na mawili, kila jino pembetatu nne, ni 48. Mbuzi nzima haifiki pembetatu mia mbili, na simu ya bei ndogo kabisa itaibeba bila ya kuhema. Anayetaka wepesi zaidi asiyachonge meno; ayachore katika picha.

Kisha linakuja swali ambalo kompyuta haina jawabu lake. Mbuzi hukunjwa. Mtoto aliyeiona imesimama ukutani hajui hukunjwa wapi, kipande gani hupita kati ya kingine, wala kigingi kinachoishika kimechomekwa upande gani. Tena mkunaji hukaa vipi, akielekea wapi, na sinia huwekwa wapi? Hayo yote yanahitajika, kwa sababu kila kipande kitakachosogea katika mchezo lazima kiwe peke yake, na kitovu chake cha kuzungukia kiwekwe pale penye kigingi. Kikiwekwa katikati ya ubao, mbuzi itakunjika kama kitu kilichovunjika. Kwa hiyo bibi aitwe, akae juu ya mbuzi, akune nazi, na mtoto atazame kwa makini. Najua nyumba ambazo wajukuu hujibu kwa Kiarabu au Kiingereza wanaposemeshwa kwa Kiswahili. Katika kazi kama hii mjukuu ndiye mwenye kuuliza, na bibi ndiye fundi mkuu.

Wako wazazi wanaochelea sura za wenye roho katika michezo. Wanavyuoni wamelizungumza jambo hilo kwa urefu, nami sitaliingilia hapa. Itoshe kusema kwamba mlango, kinu, jahazi na mnazi havina roho, na kazi iliyomo ndani yake yatosha miaka mingi.

Kutengeneza kwa picha za simu

Iko njia nyingine ambayo huonekana kama muujiza. Unakizunguka kitu ukikipiga picha nyingi, hamsini, sitini, hata mia, kila moja ikirudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia, kisha programu inazilinganisha na kulijenga umbo lake. Meshroom ni ya bure, ila inahitaji kompyuta yenye kadi ya michoro ya NVIDIA. Ziko pia programu za simu kama Polycam na KIRI Engine, lakini nyingi katika hizo hupeleka picha zako kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali, kwa hiyo usipige kitu kwenye sebule ambayo nyuma yake wamekaa watu wa nyumbani.

Mwanga ndio nusu ya kazi. Jua la Maskati la saa sita mchana huacha vivuli vikali, na vivuli hivyo hunasa katika picha visitoke tena. Pigeni kivulini, au jioni jua linapolegea. Kitu kisisogezwe, msogee nyinyi. Wekeni rula kando yake mpate kipimo cha kweli. Na jueni kwamba njia hii haipendi vitu vinavyong'ara. Dalla la kahawa la shaba iliyosuguliwa, ambalo kila mtoto wa Omani hutaka kulianza, litatoka limetoboka na kukunjamana, kwa sababu mng'aro huhama kila unapohama na programu hudhani ni kitu kingine. Dalla litengenezwe kwa mkono. Mbao kavu, mawe, udongo na makuti ndiyo vinavyotoka vizuri, na kinu cha zamani chenye mikwaruzo hutoka vizuri kupita kiasi.

Umbo linalotoka kwa njia hii huwa na pembetatu laki kadhaa, na hakuna mchezo wa mwanagenzi utakaolibeba. Blender ina chombo kiitwacho Decimate kinachozipunguza. Kitumike polepole, nusu kwa nusu, huku ukitazama umbo lisije likaharibika.

Milango ya nakshi ya Unguja na ya hapa Omani ndiyo inayowavutia zaidi vijana, na inastahiki. Mtoto ajifunze kutafautisha: ule wa kizingiti cha juu kilichonyooka, wenye nakshi za mnyororo, mawimbi, samaki na maua, na ule ulioingiza ufundi wa Kihindi, wenye tao juu na misumari ya shaba iliyotokeza. Lakini mlango una nyumba na nyumba ina wenyewe. Hodi ipigwe, ruhusa iombwe, na katika majumba ya makumbusho, iwe Makumbusho ya Taifa au Bait Al Zubair, waulizwe wahusika kabla ya simu kutolewa mfukoni.

Ufundi huu wakubwa huutumia kwa shughuli kubwa. Wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town wamepima kwa miale ya leza na kwa picha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 na kuwekwa katika orodha ya yaliyo hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Na sisi tumekwisha kuona kwa macho yetu kinachotokea. Beit el Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, na ambayo mnara wake wa saa uliongezwa mbele baada ya mabomu ya Waingereza ya Agosti 1896, iliporomoka sehemu ya mbele pamoja na mnara huo tarehe 25 Desemba 2020, wakati ikikarabatiwa kwa msaada wa fedha kutoka hapa Omani, na watu wawili wakafariki. Allah awarehemu. Ndani yake, enzi za makumbusho, iliwekwa nakala ya ukubwa kamili ya mtepe, chombo cha baharini cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari hata mmoja.

Familia nyingi hapa zina picha za Beit el Ajaib katika albamu zao: baba amesimama Forodhani, au harusi ya mjomba, na nyuma yao nguzo na baraza za jumba hilo. Picha hizo hazikupigwa kwa ajili ya kupima, wala hazitoshi kwa njia ya Meshroom, ila zinatosha kwa kijana anayejenga kwa mkono. Atahesabu nguzo, atalinganisha ghorofa na ghorofa, na atatumia urefu wa baba kama kipimo. Ama mtepe, atakayetaka kuona mbao zilizoshonwa asiende mbali. Karibu na hoteli ya Al Bustan, katikati ya mzunguko wa barabara, imesimama Sohar, jahazi iliyoshonwa kwa kamba ambayo Tim Severin na mabaharia wa Omani waliisafirisha hadi China mwaka 1980 na 1981. Si mtepe, lakini ni jamaa yake.

Kukiingiza kitu katika mchezo

Kazi ikimalizika, chagua vyote, ubonyeze Ctrl na A ili ukubwa uthibitike. Usipofanya hivyo kitu kinaweza kukusumbua ndani ya mchezo. Kihifadhi katika faili la aina ya glb, ambalo hubeba umbo na picha zake pamoja. Picha zenyewe ziwe za vidoto 512 au 1024 kila upande. Chombo cha jikoni hakihitaji zaidi. Faili likiwa zito mno, kabla ya kulaumu pembetatu tazama picha, maana mara nyingi uzito uko huko. Kwa Godot, ukimalizia jina la umbo kwa -col, programu itajua yenyewe kwamba kitu hicho ni kigumu na mchezaji asipite kati yake kama moshi.

Yabakia majina. Kila kipande kipya Blender hukiita Cube.001, Cube.002, na kuendelea, na mtoto akiviacha hivyo hatajua baada ya juma moja kipi ni mguu na kipi ni ulimi. Avibadilishe majina, bila ya kuacha nafasi katikati ya maneno: mbuzi_kibao, mbuzi_ulimi, mbuzi_kigingi. Kwa mlango aandike kizingiti_juu, kizingiti_chini, mwimo_kulia, mwimo_kushoto, na ule ubao wa katikati uliochongwa, unaofunika mahali mbawa mbili zinapokutana, ni mfaa. Kwa jahazi ataandika mkuku, mataruma, mlingoti, foromali, tanga, demani, usukani, omo na shetri. Asiyejua demani ni kamba ipi kati ya kamba zote zile, amuulize mzee aliyepata kusafiri nayo.